Baba Mkwe Alinipita kwenye Mteremko wa Bugarama

Mpendwa Mama Concilie, naomba unisaidie, maana aibu inanimaliza. Mimi ni Fabrice wa Kamenge, miaka ishirini na sita, kazi yangu ni mashindano ya baiskeli, niko na ekipe, yaani timu, moja ya Ulaya huu mwaka wa tatu, na kwa kupanda milima, Mama, sijisifu, wengi wanaona mgongo wangu tu, lakini misimu miwili iliyopita nilianguka kwenye mteremko nikavunja mfupa wa bega, na tangu hapo hata nikifika kileleni wa kwanza, kuteremka kukianza vidole vinang'ang'ania breki vyenyewe, na wale niliowaacha wananipita mmoja mmoja. Nikamdanganya mkuu wa ekipe eti breki ni mbovu, mafundi wamezibadilisha mara tatu, na sasa ameniambia, "Usipojifunza kuteremka, mwisho wa msimu tunaachana."

Basi nimekuja nyumbani kupumzika, na Jumamosi moja nikapanda mpaka Bugarama kufanya mazoezi, sasa nikiwa narudi, nimevaa jezi ya ekipe, baiskeli nyepesi kama kikapu, akatokea nyuma mzee mmoja wa kandambili, amefunga mikungu minne ya ndizi kwenye baiskeli ya chuma, akanipita kwenye kona huku akipaza sauti, "We kijana, iko mugonjwa? Achia breki, apana ogopa!" Wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kesho yake baada ya misa nikaenda Gasenyi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Joëlla, mara ya kwanza kabisa, mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua ni yule yule mzee wa ndizi. Ndiye baba yake, Mzee Xavier! Akapiga makofi, "Ah! Si ni ule wa breki!" Nyumba nzima ikanigeukia, na mimi kwa aibu nikasema, "Apana mzee, umenifananisha na mutu mwingine." Akanitazama, akacheka kidogo, akaniletea kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Tangu siku hiyo sijarudi. Joëlla anapiga simu anauliza, "Baba alikukosea nini?" nami nasema nina mazoezi. Nimebakiza wiki tatu. Je, nirudi Ulaya kimya kimya, posa isubiri?

Fabrice

Mwanangu Fabrice,

Pole kwa bega, na pole kwa woga, ingawa aliyeanguka kwa mwendo ule akapanda tena baiskeli si mwoga sana. Kwa uongo sikupi pole! Umewadanganya mafundi, mkuu wako, mkwe wako, na sasa Joëlla. Unadhani mzee alikuamini? Ni vijana wangapi wanateremka Bugarama na jezi ya Ulaya huku wamekamata breki? Alikujua. Alikustahi mbele ya watu wake, nawe ukamlipa kwa kumkimbia.

Kesho asubuhi nenda Gasenyi na kreti ya Fanta. Mwambie, Joëlla akisikia: "Mzee, ni mimi. Niliona aibu nikasema uongo." Kisha muombe akufundishe. Aliyeteremsha ndizi mlima ule miaka yote hii na bado anapumua ni mwalimu. Anzeni na miteremko mifupi ya Kinanira, kofia ngumu kichwani, na yeye umletee ya kwake. Lori likija, kaeni pembeni. Halafu mwandikie mkuu wako ukweli kabla hajanunua breki za nne. Usipande ndege kabla ya hayo yote.

Mama Concilie

Wiki mbili baadaye Fabrice ametuandikia tena:

Mama, nilikwenda. Joëlla alinuna mpaka chupa ya pili, ndipo akacheka. Mkuu wa ekipe amejibu, "Asante kwa kusema, sasa tuna pa kuanzia." Hajaahidi mkataba, ila jana niliteremka Bugarama yote nyuma ya mzee, naye hakulazimika kuningoja. Posa ni Desemba. Siku ile nilipomwomba msamaha alinishika bega, lile lililovunjika, akasema: "Ulisema uongo sababu uliogopa kukosa mutoto yangu. Hiyo woga ni muzuri, ubaki nayo. Ile ingine ndiyo tutatengeneza."