Jiwe Ulilomwombea Kaijage

Mabatini, Mwanza
14 Januari 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Dorotea, pamoja na ndizi na kahawa ya kutafuna, ambayo niliimaliza kwa siku mbili bila aibu yoyote. Nimefurahi mno kusikia goti limetulia na kwamba unafika kanisani bila fimbo. Je, Modesta amejifungua salama? Na ule mgomba ulioegemea ukuta wa jiko, mmeshaukata au bado mnausubiri uwaangukie? Hapa sisi ni wazima. Mjukuu wako Queen ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele za watu, ila anakusalimu sana.

Nilicheka mpaka wateja wakanigeukia niliposoma kwamba lile jiwe jeusi umeliwekea lubisi kwenye kikombe ili nalo linywe, maana limekufanyia kazi kubwa. Jamani mama! Mama Helga alifundisha lioshwe kwa maji yanayotiririka, si kwa pombe ya ndizi. Lakini kwako hakuna aliyewahi kuondoka na kiu, hivyo sikushangaa.

Naona sijawahi kukueleza vizuri habari za huyo Mama Helga, zaidi ya kwamba niliwahi kumfulia nguo. Mume wake alikuja kufunga mitambo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, enzi viwanda vilipoanza kuota kama uyoga. Yeye alibaki nyumbani kule Nyegezi, hana kazi, na siku moja akatandika mkeka barazani, akaniomba nimwitie wanawake waliofiwa. Mawe yake aliletewa na Masalu, yule mfanyabiashara anayefuata vitenge Kenya. Mama Helga alisema jiwe hili lilikuwa moto wa mlimani uliotapikwa nje ukapoa ghafla, ndiyo maana ni kioo, tena cheusi hivyo. Alisema linanyonya majonzi na kumkinga mtu na mabaya. Mimi nilikuwa natafsiri tu, na moyoni nilikuwa namcheka.

Nikaacha kucheka siku alipokuja Teodora, mjane wa Buhongwa. Alikuwa amezika mume na watoto wawili ndani ya mwaka mmoja, na majirani walimsema kwamba ana roho ngumu kwa sababu hakutoa chozi. Mama Helga alimlaza kwenye mkeka, akamwekea jiwe kifuani, akamshika mkono wa kushoto. Tulikaa hivyo hadi chai ikapoa. Kisha Teodora akaanza kulia, mama, kilio ambacho sijui alikuwa amekificha wapi. Alipoinuka aliomba chakula. Mpaka leo sijui kama ni jiwe au ni vile mtu alikaa naye asimwambie ajikaze. Teodora mwenyewe anasema ni jiwe, na mimi simbishii.

Mama Helga alirudi kwao mwaka jana, akaniachia kapu zima la mawe. Nayauza hapa kibandani pamoja na shanga na bangili, na wafiwa wanakuja, maana misiba ya siku hizi unaijua mwenyewe. Nikipata nafasi nakaa nao kwanza. Ila Masalu ananigombeza kila akipita, kwa kuwa watu wa mitumbwi wakija kutaka jiwe la kinga nawafukuza. Siwauzii hata kipande. Ananiuliza nina wazimu gani wa kukataa wateja wenye fedha mkononi, nami namjibu ashike njia yake.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niichane barua hii mara tatu. Umeniandikia kwamba mdogo wangu Kaijage amepata nafasi kwenye boti ya kukusanya sangara visiwani na kuwaleta viwandani, na ataanza wiki ya kwanza ya Februari. Umesema hapo mwanzo ulimkatalia, ulisema ziwa limeshakula mwanao mmoja na linatosha. Lakini kwa jinsi jiwe lilivyokuponya wewe, umeona ukimpa na yeye lake atakwenda na kurudi salama. Ukaniomba nichague zuri, nikutumie haraka. Mama, sitatuma. Na nakuomba kwa magoti umzuie Kaijage asipande hiyo boti, hata akinuna mwaka mzima.

Nilikwambia uongo, mama. Nilikwambia marehemu Rwekaza aliondoka hapa kwangu siku ile ya mwisho akiwa na furaha, anapiga mluzi. Si kweli. Aliamka hataki kwenda. Aliniambia upepo wa tangu juzi haumpendezi, boti imezidishiwa barafu na wenye boti hawasikii la mtu, na kwamba angesingizia homa abaki. Nami, kwa huu mdomo wangu unaoujua, nikamcheka. Nikamuuliza dume zima linaogopaje maji. Nikamwambia kazi ya siku hizi ukiikosa leo kesho wamemweka mwingine. Kisha nikaingiza mkono kwenye kapu la Mama Helga, alilokuwa amenipa nikamwoshee mawe, nikachukua jiwe moja lenye kipembe kilichomeguka, nikalitia kwenye mfuko wa shati lake, nikafunga kifungo mimi mwenyewe. Nikamwambia sasa hakuna baya litakalomgusa. Alilipapasa, akacheka kidogo kwa ajili yangu, akaenda.

Hakuniamini sana, nadhani. Lakini ungekuwa wewe ungebaki vipi nyumbani, dada yako mkubwa amekufunga kifungo?

Siku ya tano baada ya boti kuzama, Mashimba, mvuvi wa kisiwa cha Kome, alimkuta kwenye matete. Ndiyo sababu niliwaomba msifungue jeneza. Mashimba alinikabidhi mkanda wa Rwekaza na jiwe. Alisema kifungo cha mfuko kilikuwa kimefungwa bado. Wewe uliponiuliza kama alikutwa na chochote, nilikujibu hapana, ziwa lilichukua vyote.

Baada ya kuanua matanga ulikuwa huli, umegeukia ukuta, unamwita. Nilikuwa nimelibeba lile jiwe kwenye pochi kwa sababu nilishindwa kulitupa na nilishindwa kulitazama. Nilikufungulia kiganja nikakuwekea, nikakudanganya kwamba Mama Helga amekutumia kwa pole. Ulilifunga kwenye kipande cha lubugo, ile nguo yako ya gome la mti, ukalala. Kesho yake ukaomba uji. Nikashukuru Mungu, nikanyamaza, na ukimya huo nimeulea mpaka umekuwa mkubwa kuliko mimi.

Kipapase kile kipembe kilichomeguka. Ni jiwe lile lile. Ni kitu cha mwisho mwanao alichokigusa akiwa nchi kavu, na ndicho unacholala nacho mwaka mmoja na nusu sasa. Kukupunguzia majonzi limekupunguzia, siwezi kukunyang'anya hilo, nimeliona kwa macho yangu. Lakini maji halizuii, mama. Lilikuwa mfukoni, limefungwa kifungo, na maji yakamchukua. Mwonyeshe Kaijage barua hii, aisome yote, hata yale ya dada yake ambayo hatayapenda. Kama anataka kazi, aje huku, Masalu anatafuta mtu wa duka, na tutabanana humu humu.

Najua ninalolifanya. Huenda nimekurudisha kwenye ukuta ule ule. Nimelifikiria sana, na bado naona heri unichukie mimi nikiwa hai kuliko kuzika tena. Nimemkosa mdogo wangu kwa maneno yangu mwenyewe, na hakuna siku nimekaa bila kuyasikia. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, usijilazimishe kwa sababu padri amesema.

Nisalimie Modesta na mtoto, nisalimie jirani zetu wote, na Kaijage mwambie nampenda hata kama amekasirika. Nakuja kwa basi la Jumamosi ya wiki ijayo, na Queen nitamwacha kwa Teodora. Najua njia kutoka stendi, usimtume mtu kunipokea. Kama hutataka kuniona, acha mlango umefungwa. Nitakaa hapo barazani mpaka utakapotoka kwenda kuchota maji, nikuone kwamba unatembea bila fimbo.

Ni mimi mwanao,
Prudencia