Akina Mama Furaha wa Kambi Yetu

Goma, Majengo

Papa wangu,

Barua hii ikikufikia inanuka samaki, usimlaumu dereva; ndiye aliyekubali kuibeba. Goti lako linaendeleaje? Bado linatabiri mvua kuliko redio? Huku tuko wazima. Mlima unatoa moshi tu, kama muzee anayefikiri la kusema.

Uliuliza kukoroga uji ni kazi gani ya mwanamume. Njoo uinue mwiko wenyewe kwanza, ndipo tuzungumze. Ninapika kwenye kambi ya waliokimbia vita, upande wa watoto waliopotezana na wazazi wao. Mafiga yetu ni mawe ya volkano. Mlima ulituchomea nyumba, sasa unatusaidia kupika.

Kuna katoto kanaitwa Neema, kana miaka minne hivi. Kalifika kutoka upande wa Rutshuru kameshika mkia wa mbuzi wa watu kasiowajua. Madame wa biro, ofisi inayoandika watoto waliopotea, akamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Furaha."

"Na jina lake lingine?"

Neema akamshangaa. "Mama."

Furaha ni dada yake mkubwa. Na wewe unajua, Papa: kwetu mwanamke akishapata mzaliwa wa kwanza, nani anakumbuka jina lake la ubatizo? Nao biro wana sheria yao: jina la mtoto aliyepotea halitangazwi, asije mwizi akamdai. Mama wa kweli atalitaja mwenyewe. Basi kipaza sauti kikaita: "Mama Furaha wa Rutshuru, ufike kwa biro!"

Wakaja sita. Wawili hawakupoteza mtu, walidhani kuna sabuni inagawiwa. Waliobaki walitaja watoto wao, na Madame akawaandika wote, lakini hakuna aliyesema Neema. Mtoto mwenyewe alikuwa amesikia mama yake akiitwa. Akakaa langoni asubuhi nzima, uji hataki.

"Huyo mama hayuko hapa," Madame akaniambia. "Ijumaa mtoto atapanda meli ya Bukavu, kwenye nyumba ya watoto."

Mmoja wa wale sita, muuza makala ya kuwashia moto, alikuwa bado yuko jikoni kwangu. Akauliza, "Na huyo Furaha mwenyewe, yuko wapi?"

Nikasema hatujui.

"Basi munaita vibaya, baba. Kama Furaha alikufia njiani, nani atamwita mama yake lile jina tena? Majirani wanalificha, lisimuchome. Na yeye akilisikia kwa kipaza sauti, anaziba masikio."

Hakungoja ruhusa ya mtu. Alichukua akina Mama Furaha wenzake wakapita katikati ya mabanda wakiuliza polepole, bila kutaja jina: ni nani amezika musichana mukubwa njiani? Alhamisi jioni wakamleta mwanamke mwembamba, na mtoto mchanga mgongoni.

"Wewe ndiye Mama Furaha?" Madame akauliza.

"Hapana." Akatazama chini. "Furaha hayuko tena."

"Na mwingine uliyempoteza?"

"Neema." Alilisema kwa sauti ndogo, kama anaogopa hata hilo watamnyang'anya.

Nilidhani mtoto atakimbia kumkumbatia. Wapi! Alikuja taratibu, akamzunguka kwa nyuma kuhakikisha kama mtoto wa mgongoni ni yule yule. Aliporidhika, akashika kikwembe alichojifunga mama yake, na hakukiachia mpaka meli ya Ijumaa ikaondoka.

Ninafikiri sana, Papa. Sheria ya biro ni nzuri. Desturi yetu nayo ni nzuri. Na katikati ya hizo mbili, mtoto alikuwa karibu kuvuka ziwa.

Nisalimie mama mdogo anayeuza chumvi, na shemeji fundi wa mitumbwi, na shangazi anayeniombea ingawa anasema sikanyagi kanisani. Wote waambie ninakula vizuri. Mpishi hafi njaa.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna la leo asubuhi. Nilimwona yule mama yuko nyuma ya mstari wa uji, amesimama tu, haangalii mtu. Nikaogopa kumwita vibaya. Nikafikiri, kisha nikapaza sauti: "Mama Neema! Karibia, uji unapoa!"

Hakugeuka. Nikaita tena. Ndipo Neema akamvuta mkono.

"Mama," akasema, "ni wewe wanaita."

Mwanao anayekukumbuka,
Kasereka