Mto Ulionyamaza Buffalo

Mpwa wangu Neema, Columbus mko wazima? Bila mjomba wako, Buffalo nzima ingelala na samaki.

Barafu ilijenga ukuta mtoni, juu ya nyumba ya mama mkwe, na nyuma yake likajaa ziwa. Wafanyakazi wa mji wakawa wanaibomoa kidogo kidogo kwa tingatinga, isije ikapasuka mara moja. Bon, mimi niliyenywesha ng'ombe milimani nikasikia mto umenyamaza ghafla, nikajua maji yamezibwa huko juu na yatakuja kwa kishindo.

"Mama, maji yanakuja. Panda juu."

"Ngoja ugali uive, mkwe."

Nikanyakua sufuria nikapanda nayo. Akanifuata akinigombeza, na maji yakaingia jikoni. Tulikula huko juu tukicheka.

Mungu awatunze. Ila usimwambie mke wangu: viatu vyangu vilichukuliwa na maji, na kanisani nimetoa ushuhuda nimevaa kandambili za mama yake, zile zenye maua.

Mjomba