Maswali ya Curtis kwa Mzee Naji

Jumatatu, 4 Machi 2019
Zamu ya asubuhi, ukaguzi wa uwanja wa ndege. Mimi kwenye mashine ya mabegi, Curtis, kiongozi wetu wa zamu, mbele ya abiria. Akaja mzee mmoja, Bwana Naji, anawahi mazishi ya kaka yake San Diego. Begi safi. Mwili safi. Si angepita basi! Curtis akamzuia. Unasali msikiti gani? Imamu wenu anasemaje kuhusu serikali? Kura ulimpa nani? Mafunzoni tuliambiwa wazi: uliza kuhusu mzigo, dini ya mtu haituhusu. Mzee anajibu yote — ndiyo afande, ndiyo afande. Dakika arobaini. Ndege ikamwacha. Mimi macho kwenye skrini tu.

Jumatano, 6 Machi
Binti wa Mzee Naji kalalamika kwa maandishi. Curtis kanikuta chumba cha chai, anacheka. "Renata, kamera zetu hazinasi sauti, unajua? Aliyekuwa karibu ni wewe tu. Na wewe bado uko kwenye majaribio, siyo?" Akanimiminia kahawa. Hajawahi kummiminia mtu kahawa! Nimeimwaga chooni.

Ijumaa, 8 Machi
Fomu ya maelezo ya mashahidi imekuja. Nimeandika: mashine ilikuwa na kelele, sikusikia kitu. Nikasaini. Mama anauliza mbona sili. Nimwambie nini? Dawa zake zinalipwa na bima ya kazi hii.
Nilisikia kila neno.

Jumatatu, 11 Machi
Saa nne asubuhi. Mchunguzi wa makao makuu, Bi Haldane, kaniita ofisini. Mpole — heri angefoka. Anasema mzee hataki fidia. Anataka mtu mmoja tu akiri kwamba aliulizwa yale. Nyumbani kwake hata wanawe wengine wameanza kunong'ona: baba kachanganyikiwa, msiba umemzidi. Na yeye sasa anawauliza, "Au kweli niliota?"
Kanirudishia fomu yangu. "Kama kuna la kusahihisha, dada, sahihisha sasa." Katoka kupokea simu.
Naandika humu kwenye daftari kwa sababu kule kwenye fomu mkono haukubali. Mlango ni wa kioo. Curtis yuko ng'ambo, mikono mfukoni, ananitabasamia.
Nimekata "sikusikia kitu". Mstari mmoja, wino umevuja. Juu yake bado hakuna neno.
Ameacha kutabasamu. Anafungua mlan—