Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kesho mkutano ukumbini. Wakubwa wa mkoa wanataka kitengo chetu cha dharura kiwe kliniki ya mchana tu. Jioni kufuli! Mgonjwa wa usiku akimbizwe Tarime. Mama aliyejifungua anavuja damu, atolewe hapa Nyansurura mpaka Tarime — si anafika maiti? Mimi ndiye tabibu wa kitengo, mimi ndiye nitakayesema. Nimejiandaa. Wataniambia nini!

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Nilisimama, nikashika maiki, nikafungua mdomo — nani kakaa kiti cha mbele? Mama mkwe! Katoka Kisaka na wanawake wenzake. Kwetu Wakurya mama mkwe ni mwiko; nikimwona hata njiani napisha, naingia vichakani. Sasa nianze kutaja uzazi, kondo la nyuma, damu, mbele yake? Nikasema kitengo kina changamoto za kawaida. Nikakaa. Changamoto za kawaida! Mwikwabe, mjinga wewe.

Mgeni wa mkoa akatabasamu. Akasema basi hata tabibu mwenyewe haoni tatizo.

Jumatano, 5 Machi

Zaitun, nesi mwenzangu, kafunga, lakini swaumu haikumzuia kunisema. Nimewauza akina mama. Nikamweleza habari ya mkwe. Akauliza: kwani hao watakaokufa wao hawana wakwe?

Nyumbani Tabitha kaniwekea ugali, kaenda kumnyonyesha mtoto. Mwaka jana mke wangu huyuhuyu alivuja damu usiku, tukamwokolea kitengoni humohumo. Bora angenitukana.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa mwisho leo. Nilikaa nyuma kabisa, nimejikunyata kama mwizi wa ng'ombe aliyekamatwa.

Mama mkwe akasimama! Hakutazama upande wangu. Akasema yote — binti yake Tabitha, damu, godoro lililolowa chepechepe, kondo lililogoma kutoka. Wazee wakainamisha vichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akamalizia: tabibu yumo humu, mwulizeni ingekuwaje kama usiku ule mlango ungekuwa na kufuli.

Mgeni kasema nitajibu baada ya chakula.

Nimejifungia stoo ya dawa, naandika. Nilimtuma Zaitun akamwombe mama atoke nje kidogo tu, nikimaliza arudi. Mtu mzima mimi, namtoa bibi wa watu ukumbini kwa sababu naogopa kusema "damu"! Zaitun karudi sasa hivi. Mama hatoki. Chakula pia kakataa. Ila kageuza kiti chake, kautazama ukuta, mgongo kwangu. Kasema nisiache neno hata moja, masikio anayo.

Zaitun anagonga tena. Kule ukumbini wanaita jina langu kwa maiki. Bado nimekalia boksi la dripu.