Mwani wa Mke Wangu kwenye Redio ya Justin

Jumatatu, 3 Juni
Sukari ya mwani wa ziwa, ikibadilishwa kikemia, inazuia kirusi cha malengelenge kushika chembe hai. Amesema Furaha, mkemia, mke wangu. Nimemsikia nikinyoa ndevu, kwenye redio ya Justin. Nimejikata.

Mimi pia ni mtangazaji, tangu Justin akiwa shule ya msingi. Yeye alimrekodi Ijumaa. Sikuambiwa.

Jioni nimemuuliza kwa nini si redio yetu. Amejibu bila kuacha kupiga pasi: "Weye uko bwana yangu. Watasema unanisifu."

Sababu nzuri. Imeniuma zaidi.

Jumanne, 4 Juni
Habari ya Justin ina tundu. Amefunga kipindi akisema mwani wa ziwa unazuia kirusi. Basi. Ameacha kusema kwamba Furaha huitoa sukari ile kwenye mwani, huipika na kemikali kali mpaka salfa ijishikize, kisha huisafisha. Salfa ndiyo inayofanya kazi yote: kirusi kinanata kwenye sukari badala ya chembe. Mwani mtupu haukuzuia kitu. Na imejaribiwa kwenye vichupa vya maabara tu, hajapewa mtu yeyote.

Tundu nililiona jana. Furaha alikuwa ameshakwenda maabara, hakusikia kipindi. Sikumwambia. Nataka Justin aanguke mwenyewe. Nililala vizuri.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda Kalundu, kwa habari ya boti la mizigo. Karibu na bandari wanawake wanakwangua ukoko wa kijani kwenye mawe kwa vijiko. Wanauloweka kwenye maji ya ziwa na kunywa bila kuchemsha. Moto, wanasema, unaua nguvu ya dawa. Mji huu, wenye kipindupindu kisichoisha.

Mama Zawadi, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ameniita. "Papa wa redio, minye nimekunywa kikombe kizima. Bibi yako anakushinda akili."

Nimewaambia waache, mwani huo si dawa. Wamecheka.

"Iko wivu tu hiyo," amesema.

Ni wivu. Na si dawa. Sikuweza kuvitenganisha mbele yao.

Nimemweleza Furaha yote, hata kwamba nilijua tangu Jumatatu. Hakupaza sauti. Amehamia chumba cha watoto.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Zawadi anaharisha. Yuko kituo cha matibabu, ametundikiwa serumu ya kumrudishia maji, anaongea. Jirani zake wawili wanachunguzwa.

Nimependekeza Furaha aje kwenye redio yetu leo hii, nimhoji mimi.

"Hapana. Walisikia kule, wasikie kule kule."

Justin amekubali papo hapo, bila kujitetea. Ningependa angejitetea.

Furaha ataongea moja kwa moja kesho, saa moja asubuhi. Justin atauliza maswali. Mimi nitakuwa Kalundu, kwenye mawe, na redio ya betri. Nimeshaiweka kwenye masafa yake.