Matembezi ya Malindi

Garsen

Dada Fardosa,

Salamu zikufikie huko Hola. Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Huyu mwanangu Adan alinipeleka Malindi kutembea. Tulikula samaki wa nazi, tukapanda boti ya kioo kutazama samaki wengine, jioni tukakalishwa hotelini kuangalia ngoma. Kila nilipotaja ng'ombe wangu, aliniagizia soda nyingine.

Tuliporudi nilikuta zizi tupu. Alikuwa amewauza wote, lori likawachukua sisi tukiwa huko.

"Mama, sikutaka uwaone wakipakiwa," akasema.

Usimgombeze. Ukame ungewamaliza tu.

Lakini leo alfajiri niliamka, nikakifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi kama siku zote, nikatoka nacho mpaka zizini.

Mdogo wako,
Kaltuma